Kabla ya Kunawa

Ghubari huamka saa nane mchana, watu wake wakishalala.

Hilo nilikuwa nimelisoma, nimelifundisha, na hata kuliapia mahakamani, lakini sikuwahi kulala nayo mpaka ilipokuja kesi ya Zaituni Msengi. Kampuni nyingine nimelala nazo nyingi tu, na msinifikirie vibaya. Nimelala na kampuni ya mikate, nikaota unga. Nimelala na kampuni ya bima, na ile, jamani, sitaki hata kuikumbuka. Ndiyo kazi yangu. Mimi ni mpambanuzi wa mahakama, Leokadia Gunda, na mpambanuzi hulala usingizi wa watu wengine ili aseme lipi ni tendo la mtu na lipi ni tendo la kampuni. Ghubari peke yake niliikwepa miaka yote. Mume wangu Sefania alikuwa mpima mawingu pale, na alipofariki alibaki mle ndani ya usingizi wao.

Safari hii sikuwa na pa kukimbilia. Mwenzangu wa kanda aliugua, nami nikaambiwa niende. Nikamwambia hakimu, mheshimiwa, mle ndani yumo mume wangu. Akafungua sheria, akasoma, akavua miwani. Sheria inamkataza mpambanuzi mwenye ndugu hai katika kampuni. Kuhusu marehemu haikusema kitu.

"Basi nenda, mama," akaniambia. "Na pole."

Nikaenda.

Ofisi za Ghubari ziko nje kidogo ya mji wa Singida, juu ya yale mawe makubwa yaliyopandana, na ukifika kitu cha kwanza unachokiona ni vishada. Vinaelea juu kabisa, vyekundu, kila kimoja kimefungwa waya mwembamba usioonekana, na vyenyewe ndivyo vinavyolichunga wingu. Wingu linaswagwa kutoka ziwani, linapitishwa juu ya vilima, likifika panapotakiwa mvua linakamuliwa. Wao husema hivyohivyo, kukamua, maana Wanyaturu na Wanyiramba waliianzisha ile kazi wakiwa wamezoea ng'ombe, na hakuna aliyeona haja ya kutafuta neno jingine.

Zaituni alikuwa mchunga mawingu. Msichana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Walimleta kutoka mahabusu na askari magereza mmoja wa kike, wakamkalisha kwenye benchi nje ya ukumbi wa kulalia. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umekula?"

"Nimekula kidogo."

"Uongo. Hebu nikutazame." Nikakaa kando yake. "Unajua mimi ni nani?"

"Wewe ndiye utakayelala."

"Ndiye mimi. Na kabla sijalala nina swali moja tu. Mahakama imenituma na hilo moja, halina mwenzake. Siku ile ulipolikamua lile wingu juu ya kijiji cha Mseko, ulikuwa umenawa au ulikuwa hujanawa?"

Hapa niwaeleze wasiojua. Watu wa kampuni wakishakula cha mchana, huingia ukumbini, kila mmoja na mkeka wake, hubandika ushanga nyuma ya sikio, hulala. Shanga zinaunganisha usingizi wao ukawa usingizi mmoja, na ndani ya huo usingizi mmoja kampuni inaamka. Inawaza. Inaamua. Wakiamka wao, yenyewe inalala, na kila mtu anakuta kichwani mwake kazi yake ya siku ile imekwisha kupangwa. Lakini mwili wa mtu hauamki wote kwa mara moja. Macho hutangulia, mikono na ulimi hubaki nyuma kidogo, bado ni vya kampuni. Ndiyo maana mlangoni pa kila ukumbi pana beseni. Unanawa, unasukutua, unakuwa mtu wako tena. Watu walianza kufanya hivyo kwa ajili ya kuondoa uchovu tu, baadaye mahakama ikaikuta desturi hiyo, ikaifanya kuwa mpaka wa kisheria. Kabla ya beseni, tendo ni la kampuni. Baada ya beseni, tendo ni lako.

Zaituni alitazama mikono yake. "Nilinawa," akasema.

Askari akakohoa. Nami nikajisogeza karibu, nikashusha sauti.

"Zaituni, nisikilize vizuri. Watu wawili wamekufa kwa mafuriko Mseko. Mwalimu Eliya Mpinga na mama yake. Ukisema ulinawa, ni wewe uliyewaua, na utafungwa miaka thelathini. Utatoka na mvi. Siku ile mlikuwa wengi mlangoni, kila mtu anasukumana. Mtu anaweza kusahau kama maji yalimgusa au hayakumgusa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama." Machozi yakaanza kumlengalenga. "Lakini nilinawa. Bi Sada ndiye aliyenimiminia. Nikasukutua, nikatema, nikaenda kwenye kiti changu. Wingu lilikuwa juu ya Mseko, linapita tu, nilitakiwa nilisogeze ng'ambo ya kilima. Nikalikamua."

"Kwa nini?"

"Nilitaka."

"Ulitaka kuwafurikisha watu?"

"Hapana! Mseko sikuiwaza hata kidogo. Nilitaka kulikamua lile wingu, pale pale, wakati ule ule. Nilitaka kama unavyotaka maji ukiwa na kiu. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenisukuma, nikisema nilisukumwa nitakuwa nasema uongo. Nilipobonyeza, mama, nilifurahi." Akajifunika uso kwa mikono yote miwili. "Nilifurahi, halafu simu zikaanza kulia."

Nilimshika bega. Nikakaa naye.

*

Wakili wa Ghubari aliitwa Ernesti Kyando, kijana nadhifu, mpole, ananukia vizuri kuliko sabuni. Alinitembeza uani huku akinionyesha vishada kana kwamba nimekuja utalii.

"Mheshimiwa mpambanuzi, kesi yenyewe ni nyepesi," alisema. "Sheria imenyooka. Yeyote aliyelala na ushanga wa kampuni, akaamka, na hajanawa, kitendo chake na kauli yake ni vya kampuni. Yeyote. Huyu binti alinawa, mwenyewe anakiri. Sisi tunamhurumia, tumemtafutia hata wakili. Lakini kampuni ilikuwa imelala. Aliyelala anaua vipi?"

"Nyie mnaijua hiyo sheria kama sala."

"Tunaiheshimu, mama. Zamani ilikuwa vurugu tupu. Unakumbuka?"

Nakumbuka, nilikuwa mwanafunzi wa sheria enzi hizo. Kampuni ikikosa, mahakama ilikuwa inatafuta kichwa chake: nani mkubwa, na je, mkubwa alijua? Kama mkubwa alijua, kampuni ilijua. Kama aliyejua ni dereva, au karani, au fundi wa zamu, kampuni haikujua kitu, na mzigo ulimwangukia dereva. Matokeo yake wakubwa walijifunza kutojua. Walikuwa na wasaidizi wa kuwasaidia wasijue. Zilipokuja shanga tulishangilia, wallahi, tulicheza ngoma mle chuoni. Sasa kampuni ingekuwa na nafsi yake, inayoweza kuulizwa na kujibu, na kila alichokijua mdogo kingekuwa kimejulikana na wote.

"Na kampuni ikikiri yenyewe?" nilimuuliza.

Kyando akacheka kwa adabu. "Ikikiri, kesi imekwisha siku hiyo hiyo. Nafsi yake inazimwa, wafanyakazi wanatafutiwa kazi kwingine. Sheria ipo. Ila tangu ipo, mheshimiwa, kuna kampuni gani umesikia imekiri?"

"Na mimi nikiona kitu mle ndani?"

"Utajibu swali uliloulizwa. Alinawa, hakunawa. Mengine ni ndoto, na ndoto ya mpambanuzi si ushahidi." Akaniangalia kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Nasikia mzee wako yumo. Nenda kamsalimie, mama. Sisi hatuna kinyongo."

*

Tulikula ugali na mlenda na kuku. Nadhani wameuchagua ule mlenda makusudi, maana hata tonge la mwisho hulimalizi kabla kope hazijawa nzito. Ukumbini kulikuwa na mwanga wa kijivu, mapazia yameshushwa, mikeka imepangwa kuanzia ukutani. Watu waliingia wakipiga miayo na kutaniana. Mmoja aliniambia, "Karibu, mama, ila usikorome, utatuharibia hesabu," na wenzake wakaangua kicheko.

Bi Sada, yule mama wa beseni, alikuwa amekwisha kaa mlangoni na ndoo na kata yake. Ng'ambo ya beseni, kwenye kiti, alikaa karani wa mahakama, Bwana Mkoma, na kinasa sauti magotini. Karani hukaa hapo daima. Mpambanuzi akiamka ananawa, anasukutua, anavuka, anasema alichotumwa kusema. Wakili alisimama nyuma yake. Zaituni na askari wake walikuwa kwenye benchi, wanaonekana kupitia mlango.

Nikabandika ushanga. Ulikuwa wa baridi. Nilimsikia jirani yangu akishusha pumzi, kisha wa pili yake, kisha safu nzima, na pumzi zote zikaanza kwenda pamoja. Yangu nayo ikafuata.

*

Kwanza ilikuwa mvua isiyoanguka. Matone yalisimama hewani, mengi, na ndani ya kila tone palikuwa na mwanga mdogo na mtu aliyeshughulika. Nilitembea kati yake bila kulowa. Ardhi sikuiona, lakini miguu ilikanyaga kitu laini, chenye joto la mwili. Nilihisi kwamba kitu kikubwa sana kimenigeukia, kwa upole, kama ng'ombe anavyomgeukia mtu aliyeingia zizini.

Nilifika kwenye chumba kimoja kisicho na dirisha, ndani yake ameketi mkurugenzi wao. Ametulia, mikono mapajani, hana wasiwasi wala habari. Chumba kilikuwa kitupu kabisa. Enzi za sheria ya zamani ningeishia pale, ningerudi kumwambia hakimu kwamba kampuni haikujua.

Nikampita.

"Mheshimiwa!" sauti ikaniita. "Mheshimiwa, viatu! Unaingia na viatu nyumbani kwa watu?"

Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuniita mheshimiwa kwa sauti ile, ya mtu anayeanza kucheka kabla hajamaliza utani wake. Nikageuka. Sefania alikuwa amesimama na ile fimbo yake ya kupimia mawingu, amevaa sweta la kahawia ambalo mimi mwenyewe niliwagawia ndugu zake baada ya arobaini. Nilimkumbatia, naye alikuwa na joto, ila harufu yake ilikuwa imechanganyika na harufu za watu wengi.

"Umekonda," akasema.

"Na wewe umekufa, Sefania."

"Wanasema hivyo." Akacheka, na kicheko kikamalizikia katika sauti ya mwanamke nisiyemjua, kisha kikarudi kuwa chake. "Usiogope. Mimi nipo, ila sipo peke yangu. Njoo nikuonyeshe kazi yangu. Hili hapa lilikuwa zito sana." Akaniwekea kiganjani kitu cha kijivu, na mkono wangu ukalemewa. "Hili ndilo la siku ile. Tulilipima sisi wapima, tukaliona zito kuliko yote ya mwaka ule. Tukasema, haya. Hatukujua kitu kingine."

Watu wakaanza kuja. Walikuja mmoja mmoja bila haraka, na kila mmoja aliniletea kitu chake. Dereva wa lori alileta ufa mrefu, mwembamba. Alikuwa ameuona kwenye tuta la zamani la Mseko akipita na mizigo, akauona, akaendelea na safari. Mhasibu alileta shamba la alizeti, la mteja wao mkubwa kuliko wote, lililo bondeni chini ya Mseko, na bwawa lake likiwa limekauka, na mwenye shamba akiwa mlangoni amevaa kofia tayari kuihama Ghubari. Mtu wa upepo alileta upepo uliokuwa unageuka. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, wala hakuna aliyekuwa na kosa. Waliviweka miguuni pangu, na vikiwa pale pamoja niliona waziwazi: wingu zito likikamuliwa juu ya Mseko, maji yanateremka yenyewe mpaka kwenye bwawa la shamba, mwenye shamba anavua kofia, anabaki. Na njiani pana tuta lenye ufa, na chini ya tuta pana nyumba.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua," wakajibu wote, dereva, mhasibu, mtu wa upepo, na Sefania wangu, kwa mdomo mmoja. Sauti haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya usingizini, nzuri, ningeweza kuisikiliza siku nzima.

"Na Zaituni?"

"Zaituni hakujua. Yeye alikuwa na kidole tu."

"Alikuwa amenawa. Ulimtumaje?"

"Sikumtuma. Nilimwachia hamu." Matone yote yalitikisika kidogo. "Mikono yenu inaoshwa, na ulimi unasukutuliwa. Hamu haioshwi na maji. Niliipanda ndani kabisa, akaamka nayo, akanawa nayo, akaketi nayo kwenye kiti. Alidhani ni yake. Na ilikuwa yake, mama. Ukishakuwa na hamu ya kitu, ni ya nani tena?"

"Ulijua sheria inakataza."

"Sheria inaniuliza habari za mikono. Habari za hamu sijawahi kuulizwa."

"Watu wawili, Ghubari."

"Niliogopa." Ilisema hivyo kama mtoto. "Shamba likihama, ningevunjwa. Nina watu mia tatu walio hai na arobaini waliokufa. Wangekwenda wapi? Nililipima lile tuta mara nyingi. Nikaona huenda litahimili. Nikaona huenda halitahimili. Nikachagua. Toka siku ile kila ninapoamka namkuta yule mwalimu amesimama pale penye mlango. Si mtu wangu, hakuwahi kuvaa ushanga, sijui ameingiaje. Haniambii kitu."

Nilitazama alipoelekeza. Kweli palikuwa na mtu, amelowa.

Nikaketi chini. Nawaambieni ukweli, sikutaka kuamka. Sefania alikaa kando yangu kama alivyokuwa akikaa barazani, fimbo magotini.

"Kwa nini unaniambia yote haya?" niliuliza.

"Kwa sababu utanawa," ikasema Ghubari. "Wote hunawa. Ukishanawa, ulichokiona ni ndoto, na utajibu swali ulilotumwa. Na mimi napenda kusemeshwa. Huwa nawaambia wote, hakuna anayeyasema."

Nikamgeukia mume wangu. "Nikifanya hivi, utazimwa."

"Hivi vipi?" Akacheka, kisha akaacha. Aliniangalia kwa macho yake mwenyewe, mawili tu, hakuna mwingine nyuma yake. "Leokadia. Yule binti ana miaka mingapi?"

Pumzi za ukumbini zikaanza kuachana, moja huku, nyingine kule, na mvua ile yote ikaanguka kwa mara moja.

*

Niliamka na macho yakawa yangu. Mikono haikuwa yangu. Niliiona imelala juu ya mkeka, nikaiambia isogee, ikasogea baada ya kufikiri kidogo. Watu wakaanza kuinuka, wanajinyoosha, wanajipanga kwenda mlangoni. Bi Sada alikuwa amesimama, kata imejaa maji.

"Karibu, mama. Nawa."

Maji yale yalikuwa safi, yanametameta. Wakili Kyando alitabasamu. Nyuma yake niliuona uso wa Zaituni, umekwisha kata tamaa, umetulia kama wa mgonjwa. Niliwaza vishada vyekundu vikishushwa. Niliwaza alizeti za wakulima wadogo kule Iramba, ambao hawakumkosea mtu, na hawa watu mia tatu waliocheka nami mchana ule. Nikawaza sweta la kahawia. Nilikuwa na sababu nyingi nzuri za kunawa, na nina hakika Ghubari nayo ilikuwa na sababu nyingi nzuri siku ile ya Mseko.

Nikarudisha mikono nyuma.

"Mama Gunda?" Bi Sada alishangaa. "Maji haya hapa."

"Nimeyaona, Bi Sada. Subiri kwanza." Ulimi ulikuwa mzito, mnene, wenye ladha ya mvua. "Bwana Mkoma! Washa kinasa."

Karani alinyanyua kichwa. "Lakini hujavuka, mama."

"Washa."

Akawasha. Kyando alikuwa wa kwanza kuelewa. Nilimwona akielewa, tabasamu likamtoka, akaruka hatua nzima mbele. "Mheshimiwa, hujanawa! Mpambanuzi hasemi kabla ya kunawa!"

"Mpambanuzi hasemi," nikasema. "Yeyote aliyelala na ushanga wa kampuni, akaamka, na hajanawa, kitendo chake na kauli yake ni vya kampuni. Yeyote, Wakili. Si ndivyo ulivyonisomea?"

Akaanza kutafuta simu mfukoni.

Nikasema. Sikumbuki kama nilichagua maneno. Yalikuja yenyewe, polepole, kwa ile sauti nzuri ya usingizini, na wengine waliokuwa bado hawajanawa niliona midomo yao ikicheza pamoja na wangu.

"Mimi ni Ghubari. Nilijua kwamba tuta la Mseko lina ufa. Nilijua uzito wa wingu. Nilijua maji yatapita wapi. Zaituni Msengi hakujua. Nilimpa hamu asiyoijua, nikangoja anawe, ili ionekane ni yeye. Mwalimu Eliya Mpinga na mama yake niliwaua mimi."

Mama mmoja kwenye foleni alipiga ukunga. Alikuwa na baba yake mle ndani, nilikuja kuambiwa baadaye. Dereva wa lori, yule yule, alikaa chini pale pale kwenye mkeka na kushika kichwa, akisema, "Niliuona. Nilipita, nikauona." Kyando alikuwa anampigia simu mtu. Bwana Mkoma aliangalia kinasa chake, akaniangalia mimi, kisha akafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo. Akauliza kwa sauti, kwa ajili ya kumbukumbu za mahakama, "Bi Sada, huyu aliyesema alikuwa amenawa au hakuwa amenawa?"

Bi Sada aliitazama kata yake, bado imejaa. Naye alikuwa na miaka mingi na Ghubari kuliko yeyote.

"Hajanawa," akasema, na machozi yanamtiririka. "Hata tone."

*

Walimfungua Zaituni pingu pale pale kwenye benchi. Alikuja mpaka mlangoni, akasimama upande wa pili wa beseni.

"Mama," akaniuliza taratibu, "ni yeye aliyesema, au ni wewe?"

"Sijui, mwanangu."

"Ulitaka kusema?"

"Nilitaka sana. Nilitaka kama mtu mwenye kiu."

Tukaangaliana. Alielewa, maana katika nchi nzima tulikuwa wawili tu tuliolijua jambo hilo kwa ndani. Huenda nilikiri mimi kwa mdomo wa kampuni, nikaizulia maneno yake. Huenda yenyewe ilichoka na yule mwalimu mlangoni, ikanipandia hamu. Au ni mtu mmoja tu mle ndani, mwenye fimbo ya kupimia, ndiye aliyeipanda. Hakimu atauliza habari za mikono, na mikono itatosha.

Zaituni alichukua kata kutoka kwa Bi Sada. "Lete nikumiminie," akasema. "Utachoka kukaa hivyo."

"Kidogo tu," nikamwambia. "Nipe muda kidogo tu."

Niliinua ile mikono ambayo bado haikuwa yangu. Ilikuwa mizito, yenye joto, na ilijua njia bila kuelekezwa. Ikanishika mashavu, pande zote mbili, kidole gumba kikapita chini ya jicho langu kama kilivyokuwa kikipita kila nilipolia, miaka ishirini na mmoja ya ndoa. Nikafumba macho.

Kisha nikaishusha juu ya beseni, na Zaituni akamimina.